Kuku wa Kumkomboa Mtoto

Mimba yangu ya nne sikuitayarishia hata kitambaa cha kumfutia mtoto uso. Tumbo lilikuwa limefika pale ambapo nikikaa chini lazima nishikwe mkono ili niinuke, na bado ndani ya nyumba yetu hapakuwa na beseni, wala nguo, wala jina. Wanawake wa shamba walinitazama tukichuma maua ya pareto, wakanong'onezana. Nikawaacha wanong'one. Wao watoto wao walikuwa hai.

Wangu watatu walikuwa mchangani. Wawili nyuma ya nyumba ya mama mkwe kule Sirisia, mmoja hapo hapo shambani karibu na Saboti, kando ya mikalitusi ya Bwana, yule mzungu mwenye shamba. Wa kwanza, Wekoye, nilimngojea kwa shangwe. Nilijifunza kushona kwa mke wa mchungaji, nikamshonea magauni madogo yenye vifungo vya mfupa, nikanunua beseni jipya, nikampigia kila mtu kelele kwamba ninazaa. Aliishi mpaka akaanza kucheka, halafu homa ikamchukua. Wa pili, msichana, alivaa magauni yale yale kwa wiki chache. Wa tatu mume wangu alisema shida ni kuzalia nyumbani, akanipeleka hospitali ya Kitale. Nikazalia kwenye shuka nyeupe, wakanitunza vizuri sana, siwezi kuwasingizia. Hakuna aliyekosea kitu. Alikufa tu.

Baada ya huyo watu waliacha kuniita Mama Wekoye. Hakuna aliyekaa akaamua, jina lilianguka lenyewe. Nikarudi kuwa Wilkista, kama msichana ambaye hajatoka kwao.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu vita ya Hitla iishe. Mama mkwe wangu, Nakhungu, aliposikia nina mimba tena, alimtuma mtu aliyekuwa anakuja kutafuta kibarua anifikishie neno moja: nisitayarishe chochote. Nilijua maana yake. Kwetu Wabukusu, mwanamke akizika watoto mfululizo, watu husema kifo kimeshaujua mlango wake. Basi lazima kidanganywe. Mtoto akizaliwa anatupwa jaani, penye majivu na maganda, kama kitu kisichotakiwa. Mwanamke mpita njia ambaye watoto wake hawafi anamwokota, anasema amejiokotea chake. Baadaye anamleta mlangoni kama anayeuza, nanyi mnamkomboa kwa kuku. Tangu hapo kifo kikija kumwulizia mtoto wa Wilkista, hayupo. Yupo tu mtoto wa kuokotwa, anaitwa Makokha, na Makokha nimewaona wengi, wengine wazee wenye mvi na wajukuu.

Lakini uongo huo lazima uanzie tumboni. Utamtupaje mtoto ambaye umemshonea nguo? Ukitayarisha umemtangaza. Kwa hiyo mimi maandalizi yangu yote yalikuwa kutoandaa, na niwaambie, ni kazi ngumu kuliko kushona. Ilinibidi hata kuuzuia mkono wangu usishike tumbo mbele za watu.

Mume wangu, Absalom Wepukhulu, alikuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa magari ya ng'ombe ya Bwana, na habari ya jaa hakutaka kuisikia.

"Mtoto wangu si maganda ya ndizi," aliniambia.

Na kwa kuwa mimi sikutayarisha, yeye akatayarisha. Kila jioni akishafungua ng'ombe alikaa mlangoni na masanduku ya mbao yaliyokuja na madebe ya mafuta ya taa. Alibandua mbao, akanyoosha misumari juu ya jiwe, akaanza kuunda kitanda cha mtoto. Kila pigo la nyundo nililisikia ndani ya meno.

"Absalom, acha. Unakiita."

"Ninaita mtoto."

"Hata wale wengine uliwaita hivyo hivyo!"

Aliendelea kugonga. Siku moja alipokuwa kazini nilizichukua zile mbao nikazitia motoni, nikasonga ugali. Alirudi, akatazama jivu, akala ule ugali mpaka ukaisha, kisha akatoka kwenda stoo kuomba masanduku mengine. Sikumwelewa wakati huo. Nilidhani ni kichwa kigumu. Mtu yule alikuwa ameogopa kama mimi, ila yeye hofu yake ilipiga misumari.

Mwezi wa saba wa mimba ulipoisha alinipandisha kwenye gari la ng'ombe akaenda nami Kitale, ati nikapunge hewa. Kwenye gari alikuwapo pia Chepkemei, dada yake Kibiwott mchungaji wa ng'ombe wa Bwana, anapeleka siagi sokoni. Lazima niwaeleze huyu Chepkemei. Alikuwa ameolewa kule mlimani, hakuzaa, akarudishwa, na sasa alikaa kwa kaka yake kwenye kibanda kilicho ng'ambo ya mazizi. Mwanamke mrefu, mpole, hana maneno. Lugha yake sikuijua na yangu hakuijua, kati yetu kulikuwa na Kiswahili cha shamba tu. Mimi mwenye tumbo langu nilimwogopa. Mwanamke asiyezaa, na tumbo linalozika: niliona kama tukikaa bega kwa bega tutajumlisha mikosi. Nilijisogeza pembeni ya gari mpaka karibu nianguke.

Absalom alituongoza moja kwa moja hadi dukani kwa Alwi, karibu na msikiti, na hapo ndipo nilipojua hewa niliyoletwa kupunga. Alwi alishusha blanketi dogo la rangi ya maziwa lenye mstari mwekundu kwenye ukingo. Lilikuwa laini, Mungu wangu. Vidole vyangu vililigusa na maziwa yakashtuka kifuani.

"Hii ndiyo ya mtoto, mama," Alwi alisema. "Baridi ya huko Saboti si ya mchezo."

"Mtoto gani?" nilisema kwa sauti, duka zima lisikie. "Wapi mtoto? Hii ni tumbo imevimba tu. Rudisha blanketi yako, mimi sina haja."

"Wilkista," Absalom alisema.

"Nimesema sitaki! Sitaki kitu yake yoyote!"

Nilitoka nje. Mlangoni alisimama Chepkemei na kibuyu chake kitupu cha siagi, akanipisha. Alinitazama usoni muda mrefu, halafu akatazama tumbo. Nilimpita bila salamu, nikapanda gari, nikageuza uso nyuma ya magunia nikalia. Kumkana mtoto anayekupiga teke wakati huo huo unapomkana, hilo jambo simwombei adui yangu.

Tangu siku ile Chepkemei akaanza kuja. Asubuhi akitoka mazizini alipita kwenye njia iliyo nyuma ya nyumba yetu, kando ya jaa, akaniachia mlangoni kibuyu kidogo cha maziwa.

"Kunywa," alisema. "Iko nguvu."

"Asante," nilisema, na akishapinda kona nilimwagia mbwa. Kesho yake aliuliza.

"Hapana shona nguo?"

"Ya nani?"

"Ya hiyo." Alionyesha kwa kidevu.

"Hiyo ni ya kutupa tu," nilimjibu, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kujibu. Alisimama kidogo, akaokota kibuyu chake, akaenda.

Nilitaka sana kwenda kuzalia Sirisia. Kule kila mwanamke anaijua kazi yake, unatupa mtoto na kabla hajalia mara ya pili ameshaokotwa. Nilimsihi Absalom, nikapiga magoti. Yeye alikuwa na mkataba na Bwana, na Bwana alisema mvua hizi hakuna kutoka. Nilifunga kitambaa nikaondoka peke yangu kwa miguu. Nilifika mtoni. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye majani ya matete, mekundu, yanabeba miti mizima. Nilikaa ukingoni tangu jua likiwa juu mpaka likaanza kushuka, nikiwaangalia watu wa ng'ambo wakiniangalia. Kisha nikarudi kwa njia niliyojia, miguu imevimba, na usiku huo Absalom aliniosha kwa maji ya moto.

Ikabidi Nakhungu aje mwenyewe. Mama mzima wa watu alipanda lori la tumbaku kutoka Malakisi mpaka Bungoma, akatafuta jingine mpaka Kitale, akatembea matope yaliyobaki, na kwapani amebana kuku jike mwekundu. Huyo kuku alimfunga kwenye mguu wa kitanda chetu. Alikuwa ndiye kitu pekee nilichoandaliwa. Niliamka naye, nikalala naye, akaninyea viatu, na nikimwangalia moyo unatulia.

"Sasa tutafute mwanamke," Nakhungu alisema. "Awe amezaa, na hajazika. Na asiwe wa ukoo."

"Jentrix," nilisema. Jentrix, mke wa Zachary, alikuwa na watoto wamejaa nyumba, wote wazima, wote na kamasi. Tulimwita. Alipoelezwa alinishika mikono yote miwili.

"Si mimi ni mama kama wewe?" aliniambia. "Niite tu. Nikiwa kwa pareto, kwa mto, mahali popote, nitakuja nikipita kama mtu hana habari. Nitaokota."

"Na kama kuna mwingine anapita mbele yako?" Nakhungu aliuliza.

"Nani? Hiyo njia ni ya Chepkemei peke yake."

Sote watatu tukatazamana.

"Huyo hapana," Nakhungu alisema. "Huyo hata kivuli chake kisifike."

Nilianza kuomba. Niliomba nikichuma, nikipika, nikikojoa. Mungu, aishi tu. Sitaki mwingine, sitaki shukrani, sitaki uniombe radhi kwa wale watatu. Huyu aishi tu, mengine niachie mimi.

Jumapili iliyofuata Absalom alisimama kanisani. Sijui nani alimnong'oneza. Alisema wapo wanawake Wakristo wanaotaka kurudi gizani, wanaotaka kumpa Shetani mtoto akiwa na damu ya kuzaliwa. Alisema mwanamke yeyote atakayeweka mkono wake katika jambo hilo atatengwa na meza ya Bwana, hata kama ni mke wa mzee wa kanisa. Sauti yake ilikatika katikati. Hakunitaja, lakini benchi zima liligeuka. Zachary alimwangalia mkewe. Jentrix alikuwa anamfunga mtoto wake kamba za kiatu, na mtoto hakuwa na viatu.

Uchungu ulinishika kabla ya siku zake. Absalom alikuwa ametumwa stesheni ya Kitale na magari ya ng'ombe kuleta mabati ya Bwana, na kwa matope yale hakuna aliyemtazamia kabla ya jioni. Nilishukuru. Nilizaa wakati chuma cha reli kinagongwa kuwaita watu kazini. Mvulana. Alitoka na kelele, mwekundu, na ngumi zimekunjwa. Nakhungu alikata kitovu, akamfuta kwa jani la mgomba, kwa sababu kitambaa hakikuwapo.

"Usimwangalie," aliniambia.

Nilikuwa nimeshamwangalia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja kama la Wekoye.

Nakhungu alikimbia kwa Jentrix. Alirudi anahema. "Anakuja. Amesema anavaa leso anakuja." Basi akamchukua yule mtoto uchi juu ya jani la mgomba, akatoka kwa mlango wa nyuma, akamweka jaani, kati ya majivu ya jana na maganda ya viazi, akarudi ndani akafunga mlango. Ukuta wetu wa udongo ulikuwa na ufa. Nilijiburuta mpaka hapo nikaweka jicho.

Jentrix hakuonekana.

Mtoto alilia. Tulingoja. Manyunyu yakaanza, madogo kwanza, yanaacha vidoti kwenye majivu. Nikasema, mama, anakuja kweli? Nakhungu akasema anakuja. Manyunyu yakawa mvua. Jani la mgomba likaanza kujaa maji, na kile kilio kikabadilika, kikawa kifupi kifupi, kama mtu anayepanda mlima. Nikajikuta nimesimama. Damu ilinitiririka miguuni. Nakhungu alinikamata kiuno kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mama, niache! Anakufa na mvua!"

"Ukimgusa wewe, umemzika. Kitajua ni wako. Mwanangu, vumilia, vumilia, anakuja."

"Basi enda wewe!"

"Mimi ni bibi yake! Ni mlango ule ule!" Naye alikuwa analia. Tulikuwa wanawake wawili wazima nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka kwa mtoto wetu, tumeshikana kama watu wanaopigana. Nilimwuma mkono. Hakuniachia.

Ndipo nikaona miguu. Mirefu, myembamba, ya mtu asiye na haraka. Chepkemei alikuwa anatoka mazizini na kibuyu chake. Alisimama. Akaweka kibuyu chini. Akatazama jaani, akatazama nyumba yetu.

"Hodi!" aliita.

Nakhungu aliniziba mdomo. Nami nikaukandamiza mkono wake kwa wangu, kwa sababu ndiyo sheria. Anayetupa hajibu. Akijibu, ametambua.

"Wilkista! Nani iko na hii mtoto?"

Mvua tu.

"Mimi nauliza! Hii mtoto ya nani?" Sauti yake ilipanda. Aliungoja mlango wetu ufunguke. Aliungoja hasa, nilimwona, maji yanamtiririka usoni, na mlango haukufunguka. Kisha akainama. Alifungua kanga yake kifuani, akamwingiza mtoto humo kwenye ngozi yake, akafunga. Kilio kikakatika.

Nilianguka chini kwa furaha. Niwaambie ukweli, furaha ndiyo iliyokuja kwanza. Ameokotwa! Nakhungu alikuwa ameshika kichwa. "Si huyo," alisema. "Ee Mungu, si huyo." Baadaye akajikaza. "Hata hivyo ni mtu. Amepita, ameokota. Sasa atamleta mlangoni. Tayarisha kuku."

Tukafungua kuku. Tukakaa nyuma ya mlango, mimi nimemshika kuku, tukangoja kubishiwa hodi. Nilipochungulia tena kwenye ufa, kibuyu kilikuwa peke yake njiani, na mgongo wa Chepkemei unapotelea ng'ambo ya mazizi.

Nilimfuata. Sijui nilitembeaje. Nakhungu alinishika upande mmoja, upande mwingine nimembana kuku, na wanawake wa pareto walisimama kwenye mistari kututazama. Jentrix alikuwa miongoni mwao. Aliinamisha uso akaendelea kuchuma, na Zachary alikuwa amesimama kichwani pa mstari wake.

Kibanda cha Chepkemei kilikuwa kikavu na kina moto. Nilikuwa sijawahi kuingia. Kwenye kona palikuwa na kitanda kidogo cha fito, kimetandikwa ngozi ya ndama iliyolainishwa mpaka imekuwa kama kitambaa. Ukutani pametundikwa vibuyu vidogo viwili, vipya, na uzi wa shanga za kumfunga mtoto kiunoni. Palikuwa na beseni. Na mtoto wangu alikuwa amelala mapajani mwake, mkavu, amefungwa ndani ya blanketi la rangi ya maziwa lenye mstari mwekundu.

Nililitambua. Nikasahau nilichokuja kusema.

"Ulinunua lini?" nilimwuliza.

"Siku ile. Wewe nasema sitaki. Mimi narudi kwa Alwi." Hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Mimi naona wewe hapana shona. Hapana nunua. Nasema ni ya kutupa. Kila siku mimi nasema labda kesho atashona. Basi nikatengeneza mimi."

Miezi ile yote niliyokuwa nikikidanganya kifo, nilikuwa nimemdanganya yeye.

Nakhungu alimweleza. Alieleza kwa Kibukusu, mimi nikageuza kwa Kiswahili cha shamba, nikieleza vifo, na jaa, na kudanganya, na kuku. Chepkemei alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulitupa ili mtu aokote," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nimeokota. Mimi si mtu?"

Nilimsogeza kuku kwapani.

"Mimi niliita. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Nilimnyoshea kuku. Nilimnyoshea kwa mikono miwili, nikapiga magoti pale kwenye moto. "Dada yangu, chukua. Chukua kuku. Nitaongeza nguo, nitaongeza kila kitu kiko kwangu. Nipe yeye kwa mkono yako."

Alimtazama kuku na uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimemtukana na sikujua. "Kuku?" alisema. "Wewe nataka mimi niuze mtoto na kuku? Mimi siuzi mtu." Akambana mtoto kifuani. "Kama wewe nataka kunyang'anya, nyang'anya. Wewe iko wawili."

Nikamgeukia Nakhungu. Yeye alikuwa amekaa chini, amezeeka ghafla.

"Asipopokea kuku akamtoa kwa mkono wake mwenyewe, mtoto ni wake," aliniambia kwa lugha yetu. "Ukimnyang'anya, umesema ni wako. Kitakuja usiku wa leo."

Mtoto akaanza kulia. Chepkemei alimtia maziwa mdomoni kwa ncha ya kidole, mtoto akayatema, akageuza uso huku na huku akitafuta. Na mimi kifuani nguo ilikuwa imelowa mpaka tumboni. Chepkemei aliona. Alifikiri kwa muda, na huo muda nilikuwa radhi kulamba miguu yake.

"Wewe iko na maziwa," alisema. "Kaa hapo."

Nilikaa. Akaniwekea mtoto mapajani, yeye mwenyewe akabaki ameshika ncha ya blanketi. Mtoto alilidaka ziwa kwa nguvu, nikahisi mpaka uti wa mgongo. Nikamtazama lile sikio lake.

"Mako—" nilianza.

"Iko na jina," Chepkemei alisema. "Kipketer." Na aliposhiba alimchukua, akamweka kwenye ngozi ya ndama. "Kesho kuja tena."

Tulikuwa bado mlangoni Absalom alipofika, matope mpaka magotini, ile fimbo ya ng'ombe mkononi. Alikuwa ameambiwa njiani. Hakunisalimu.

"Toka hapo. Chepkemei! Toa mtoto!"

Nilijitandaza mlangoni, mkono huku na mkono huku. Sikuwa na nguvu ya kusimama na nilisimama.

"Ukitaka kuingia, niue kwanza."

"Wilkista, una wazimu? Ni mtoto wetu!"

"Usiseme hivyo!" Nilipiga ukelele uliowatoa watu majumbani. "Nyamaza, Absalom! Usiseme kwa sauti! Sema ni wa Chepkemei. Sema!"

"Mama Wekoye," aliniambia. Miaka mingi hakuwa ameniita hivyo. "Mama Wekoye, twende naye nyumbani."

"Sema ni wa Chepkemei."

Alinitazama, akatazama damu kwenye miguu yangu, na nyuma yangu mtoto akapiga chafya. Fimbo ilimtoka mkononi. Alikaa kwenye matope, mzee wa kanisa, mbele ya watu wote, akajifunika uso kwa kofia yake.

Hakusema. Lakini kesho yake, kabla ya kwenda kufunga ng'ombe, alikibeba begani kile kitanda cha mbao za masanduku, akakipeleka ng'ambo ya mazizi, akakiweka chini ya paa la Chepkemei, akaondoka bila kubisha hodi.

Kuku alirudi kwenye mguu wa kitanda chetu. Nakhungu alituachia, ati huenda siku moja yule mwanamke akabadili moyo. Kuku huyo alizeeka hapo, hakuna aliyethubutu kumchinja.

Na mtoto aliishi. Homa ilipita shambani ikachukua wawili wa Jentrix, yeye hata kukohoa hakukohoa. Nilimnyonyesha kila asubuhi na kila jioni mpaka akaota meno, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nilichoonyeshwa, na nikimaliza namrudisha kwa mwenyewe. Nilikuwa nimemwomba Mungu aishi tu, mengine aniachie mimi. Alinisikia neno kwa neno.

Chepkemei akipita kwenda mazizini na mtoto mgongoni, wanawake wa pareto waliinua vichwa. "Umeamkaje, Mama Kipketer?" walimwambia. Kisha walinigeukia mimi, niliyesimama kwenye mstari wangu na maziwa yananivuja, wakasema, "Na wewe, Wilkista?"